Historia Fupi ya Nyufa za Kuta Katika Mji Wetu wa Nairobi



Ni desturi ya kitabu chetu cha mwaka kwamba, baada ya hesabu za fedha na taarifa ya halmashauri, karani hupewa kurasa chache aandike jambo la historia liwafaalo wanachama. Mwaka huu nimechagua jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni ufa katika ukuta. Nimelichagua kwa sababu barua zilizonifikia kutoka kwa wanachama wakaao Jamhuri, Kibera, Dagoretti na katikati ya mji, si chache zilizotaja kuta zilizopasuka; na aghalabu swali la mwandishi lilikuwa moja: je, nihame au nikae?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno haya ni ya kweli, wala sina ubavu wa kuyapinga. Lakini napenda kuonyesha, kwa ushahidi wa historia ya mji huu, kwamba iko kazi moja inayotangulia kuziba, nayo ni kuupima ufa na kuuandikia tarehe. Azibaye ufa asijue ulikotoka amelifunika jambo, hakulimaliza.

Ardhi tuliyojengewa juu yake

Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa mwezi wa Mei mwaka 1899. Mahali penyewe Wamasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, kwa ajili ya mto. Wahandisi wa reli walipapenda kwa kuwa palikuwa tambarare na maji yalikuwapo, kabla ya gari la moshi kuanza kupanda milima ya Wakikuyu. Hawakuwa wakitafuta mahali pa kujenga jiji. Walitafuta mahali pa karakana na mabehewa. Mji ulikua baadaye, juu ya ardhi iliyochaguliwa kwa ajili ya reli.

Ardhi hiyo ni ya namna mbili. Upande wa magharibi na kaskazini, penye miinuko, ni udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Upande wa mashariki na kusini, penye nyika, ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mafundi huuita udongo wa pamba. Hata katika upande wetu wa magharibi, mabonde na mahali palipo bapa, ambako maji hayapati njia ya kutoka, huonekana udongo mweusi karibu na mwekundu. Mtu aliyelima shamba anaujua: wakati wa mvua huvimba na kushika jembe, na wakati wa kiangazi husinyaa na kupasuka hata mkono ukaweza kuingia. Nyumba iliyojengwa kwa msingi mfupi juu ya udongo huo hupanda na kushuka pamoja nao. Haipandi yote kwa usawa wala haishuki yote kwa usawa. Kona moja hutangulia na nyingine hubaki nyuma, na ukuta wa mawe, ambao haujui kupinda, hupasuka.

Jambo hili si la Nairobi peke yake. Mwaka 1976 ukame mkubwa uliipata Uingereza, udongo wa mfinyanzi ulio chini ya London na miji ya jirani ukasinyaa, na nyumba nyingi zikapasuka kuta. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba ufa ni alama ya umaskini au ya ujinga wa fundi wa Kiafrika. Ni tabia ya udongo.

Lakini ni nani aliyekalishwa juu ya udongo upi, hilo si tabia ya udongo. Ni kazi ya watu. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji yetu, akashauri mji ugawanywe kwa rangi za watu. Wazungu walikaa penye miinuko ya magharibi na kaskazini, na Waafrika wakatengewa upande wa mashariki: Pumwani, na baadaye Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni na Bahati. Wazee wetu waliolelewa huko wanakumbuka sakafu zilizoinuka katikati na milango iliyokataa kufungwa mvua zikianza. Nyumba zile zilikuwa fupi, kwa hiyo zilipasuka lakini hazikuua watu kwa wingi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu waliongezeka, na juu ya ardhi ya upande ule ule wa mashariki yakainuka majumba ya ghorofa 5, 6, 7 na zaidi. Hapo ndipo ufa ulipoanza kuwa neno la uhai na mauti.

Misiba iliyotufundisha

Nitataja michache tu, si kwa kuamsha majonzi, bali kwa sababu kila mmoja una fundisho lake.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, karibu na makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, na watu 213 wakafa hapa Nairobi. Jengo la Ufundi lilianguka lote. Jengo la Ushirika, lililo refu zaidi na lililosimama jirani, lilivunjika vioo na kuumia vibaya, lakini halikuanguka, na baadaye likatengenezwa likarudi kazini. Fundisho lake ni kwamba jengo laweza kuonekana limeharibika kabisa na mifupa yake ikawa mizima. Wala macho ya mpita njia hayatoshi kuhukumu. Sharti nguzo na mihimili ikaguliwe na mtu mwenye elimu.

Tarehe 23 Januari 2006 jengo lililokuwa likijengwa katika barabara ya Ronald Ngala liliporomoka likaua zaidi ya watu 10. Jengo lile lilikuwa bado changa, halijapata hata wapangaji. Fundisho lake ni kwamba upya wa jengo si dhamana.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa 6 lilianguka Huruma, ukingoni mwa mto, likaua watu wapatao 50. Mtoto mchanga wa kike alitolewa kifusini akiwa hai baada ya siku zaidi ya tatu, na taifa zima likamshukuru Mungu. Serikali ilieleza kwamba jengo lile lilikuwa limekwisha kuamriwa libomolewe. Maana yake ni kwamba hatari ilijulikana, lakini watu walikuwa bado wamelala ndani. Onyo lisilomfikia mpangaji, au linalomfikia asiye na mahali pengine pa kwenda, halikuokoa mtu.

Na karibu nasi kabisa, huko Ngando katika Dagoretti, asubuhi ya tarehe 23 Septemba 2019, madarasa ya shule ya Precious Talent yaliporomoka, na watoto 8 wakafa. Madarasa yale hayakuwa ya mawe. Yalikuwa ya mbao na mabati, na sakafu nzito ilikuwa juu ya vichwa vya watoto. Nalitaja kwa unyenyekevu, ili mtu asidhani kwamba ukuta usio na ufa ni salama. Mbao na mabati havipasuki kama jiwe. Huinama, hulia, kisha huanguka.

Wenzetu wa pwani nao, wanaojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa tangu zamani za kale, wamepata msiba wa namna hiyo. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika kutengenezwa, na mafundi 2 wakafa. Sehemu nyingine ya jumba lile ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 2012. Hivyo jumba lilitoa onyo miaka 8 kabla.

Jinsi ya kuusoma ufa

Sasa nirudi kwenye swali la barua: nihame au nikae? Jibu la haki ni kwamba ufa ulioonwa mara moja hausemi mengi. Ufa ulioonwa mara nyingi, kwa tarehe, husema.

Niruhusiwe kutoa mfano wangu mwenyewe. Katika nyumba niliyopanga zamani kulikuwa na ufa uliotoka kona ya dirisha ukapanda mshazari hadi darini. Kila mara mlinzi wa nyumba aliuziba kwa lipu na kuupaka rangi, na kila mara ulirudi. Nilipochoka kulalamika, nilichukua penseli nikatia mstari mdogo kwenye ncha ya ufa, nikaandika tarehe. Nilipigilia misumari miwili, mmoja kila upande, nikapima kwa rula umbali wa vichwa vyake mwanzo wa kila mwezi, nikaandika daftarini. Baada ya mwaka niliona kwamba ufa ulifunguka katika kiangazi cha Januari na Februari, ukajibana baada ya masika, na mwisho wa mwaka ulikuwa sawasawa na ulivyoanza. Ncha yake haikusogea. Basi nikajua kwamba ni udongo unaopumua, si nyumba inayokufa, nikalala usingizi. Lakini mwenzangu wa chumba cha pili, ambaye nilimwonyesha kazi hiyo, ufa wake uliongezeka kila mwezi, kiangazi na masika, wala haukurudi nyuma. Chini yake palikuwa na bomba la maji machafu lililovunjika na kulainisha msingi. Yule alihama, na alifanya vyema.

Wataalamu wa Uingereza walipanga daraja za nyufa mwaka 1981, nazo hutumika hata leo. Ufa usiozidi milimita 1 ni mdogo sana, na rangi yautosha. Hadi milimita 5 ni mdogo, ingawa milango yaweza kukwama kidogo. Kutoka 5 hadi 15 sharti fundi mwashi aufungue na kuutengeneza. Kutoka 15 hadi 25 ni mbaya, na huenda sehemu ya ukuta ikajengwa upya. Ukizidi 25 jengo lenyewe limo hatarini. Lakini upana peke yake si hukumu. Ufa mwembamba unaokua ni wa kuogopwa kuliko ufa mpana uliotulia miaka 20. Tena ufa wa nguzo au wa mhimili, hata uwe mwembamba, ni mkubwa kuliko ufa wa ukuta unaogawa vyumba, kwa maana nguzo ndiyo inayobeba jengo.

Mafundi wa zamani walikuwa na njia yao: walibandika kipande cha kioo juu ya ufa, kioo kikivunjika wakajua ukuta umesogea. Njia hiyo ni njema, ila haielezi umesogea kiasi gani wala kuelekea wapi. Misumari na rula huzidi. Kwa ukuta unaodhaniwa kuinama, tumieni timazi. Mpimaji na awe mmoja, kwa rula moja, na aandike pia habari za mvua, za mabomba yanayovuja, na za mikaratusi iliyo karibu, kwa kuwa miti hiyo hunywa maji mengi na kuukausha udongo.

Lakini ziko dalili zisizongoja daftari. Milango ikikwama ghafla, nguzo ikipasuka au kumeguka simiti, sauti za kupasuka zikisikika usiku, watokeni watu wote kwanza, maswali yaulizwe nje.

Mambo ya siku hizi upande wetu

Wanachama wa Jamhuri na Kilimani wameona jinsi nyumba za zamani za ghorofa moja zinavyobomolewa, na mashimo marefu yakichimbwa kwa ajili ya majumba marefu. Shimo likichimbwa kando ya ua wako bila kuzuiwa vizuri, udongo ulioshikilia msingi wako hupoteza tegemeo. Hapo kuta hupasuka, na jirani mwenye fedha husema nyufa zilikuwapo tangu zamani. Bila maandishi utashindwa. Mwenye picha na vipimo vya tarehe za kabla ya uchimbaji ana la kusema mbele ya wakili na mbele ya mhandisi wa serikali. Tangu mwaka 2015 iko idara ya taifa ya kukagua majengo, na sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka ya ujenzi. Lakini vyombo hivyo haviwezi kuona ndani ya kila chumba. Mkaaji ndiye anayeuona ukuta kila asubuhi.

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya mkutano mkuu: Chama kianzishe Daftari la Nyufa, litakalotunzwa afisini pamoja na daftari la michango na la mazishi. Kila mwanachama mwenye ufa aandikishwe, na vipimo vyake viletwe mara nne kwa mwaka, kabla na baada ya masika, kabla na baada ya vuli. Ufa unaokua usioonyesha kurudi, Chama kiandike barua kwa mwenye nyumba na kwa serikali, kwa jina la Chama, ili mpangaji asiogope kufukuzwa peke yake. Na ikibidi familia ihame, mfuko wetu wa misaada uisaidie kodi ya mwezi wa kwanza. Ni heri tuchange kwa ajili ya kuhama kuliko kuchanga kwa ajili ya majeneza.

Gharama yake ni daftari moja, penseli, rula na misumari. Kazi ya karani nitaifanya mimi.

Wenu katika utumishi,
Karani wa Chama