Damu hospitalini: maswali ambayo waganga walijifunza kuuliza

Mama anapotokwa na damu nyingi akijifungua, katika hospitali zetu nyingi jamaa huulizwa mara moja: nani yuko tayari kutoa damu? Wengine hujitokeza, wengine huogopa. Woga huo una historia yake. Damu imeokoa wengi na pia imeua wengi, na hata hapa Kongo yote mawili yametokea.

Swali la kwanza lilikuwa: damu ya nani? Mwaka 1829, huko London, muganga James Blundell alitangaza kwamba mama mmoja aliyekuwa akivuja damu baada ya kuzaa amepona kwa kutiwa damu ya mtu mwingine. Lakini wagonjwa wengine aliowatibu hivyo walikufa, na hakuna aliyejua kwa nini. Jibu lilitoka kwa Karl Landsteiner wa Vienna, ambaye mwaka 1901 alionyesha kuwa damu za watu ziko katika makundi tofauti. Mgonjwa akipewa damu isiyopatana na yake, chembe za damu ile hupasuka ndani ya mwili, na anaweza kufa. Ndiyo maana hata leo damu ya baba mzazi inaweza kukataliwa, na ya jirani ikakubaliwa. Hakuna aliyemdharau baba. Ni makundi tu hayakupatana.

Swali la pili: itawekwaje? Damu ikitoka mwilini huganda upesi, kwa hiyo zamani mtoaji alilazimika kuwa pale pale, kando ya mgonjwa. Tarehe 27 Machi 1914, huko Bruxelles, muganga Albert Hustin alimwongezea mgonjwa damu iliyochanganywa na sitrati, chumvi inayozuia kuganda. Vita Kuu iliyoanza mwaka huo ilieneza ujuzi huo, na Wabelgiji wakaufikisha Kongo. Mwaka 1940 Lambillon na Denisoff walichapa uchunguzi wao juu ya namna ya kupanga huduma ya kuongeza damu katika hospitali ya Afrika. Kwa hiyo kazi hii si ngeni kwetu hata kidogo.

Swali la tatu lilikuja na msiba: je, damu hii ni safi? Katika miaka ya 1980, malaria ilikuwa ikiwamaliza damu watoto wengi wa Kinshasa, na hospitali ya Mama Yemo ilikuwa ikiwaongezea damu kwa wingi. Kipimo cha kutafuta virusi vya Sida katika damu kilianza kutumika duniani mwaka 1985 tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988 juu ya watoto wa Kinshasa ulionyesha jambo la kusikitisha: kadiri mtoto alivyokuwa ameongezewa damu mara nyingi, ndivyo hatari ya kukutwa na virusi ilivyozidi. Damu iliyowaokoa na malaria iliwaachia wengine ugonjwa mwingine.

Kutokana na msiba huo, mambo mawili yalitiliwa mkazo. Kwanza, kila mfuko upimwe: Sida, homa ya ini B na C, na kaswende. Pili, damu isitolewe ovyo. Mtoto mwenye malaria hapewi damu kwa sababu amepauka tu. Muganga hupima hemoglobini: ikiwa chini ya gramu 4 kwa desilita, anaongezewa, ikiwa kati ya 4 na 6, anaangaliwa kama ana dalili za hatari, kwa mfano kupumua kwa shida. Na kutibu malaria mapema ni njia mojawapo ya kuokoa damu.

Mwaka 1995 Kikwit ikafundisha jambo jingine. Mwezi Aprili, fundi wa maabara alipasuliwa tumbo katika hospitali kuu, watu wakidhani ni ugonjwa wa matumbo. Kumbe ilikuwa Ebola. Waliomhudumia waliambukizwa, na kati ya wagonjwa 315 wa mlipuko ule, karibu 8 katika kila 10 walikufa. Tangu hapo ilionekana wazi kwamba glavu na mavazi ya kinga katika chumba cha upasuaji si anasa.

Swali la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi leo: je, mgonjwa anaweza kusaidiwa asipoteze damu? Karne ya 16, Mfaransa Ambroise Paré alianza kufunga mishipa kwa uzi alipokata kiungo, badala ya kuichoma kwa moto. Waganga wapasuaji wetu bado wanafanya kazi ya uzi ule. Mimba ikitungwa nje ya kizazi na kupasuka, damu iliyojaa tumboni huweza kuchotwa, kuchujwa na kurudishiwa mwenyewe, muganga akiona inafaa. Iko pia dawa ya bei ndogo, asidi traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe. Mwaka 2017, utafiti wa wanawake 20,060 waliovuja damu baada ya kujifungua ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya kuvuja damu, hasa ikitolewa ndani ya saa 3. Mama anayecheleweshwa nyumbani au barabarani anapoteza nafasi hiyo.

Hata hivyo, dawa na uzi havitoshi kila mara. Wako watakaohitaji damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Kwa kawaida mfuko wa damu hukaa kama siku 35 katika friji, pale ambapo umeme upo. Kwa hiyo haifai kungoja hadi jamaa yuko hatarini ndipo tuanze kutafutana. Damu ya mtu anayejitolea mara kwa mara inapimwa kwa utulivu, mapema, bila haraka ya kifo. Mwanaume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Ulizeni kwenye hospitali iliyo karibu nanyi ni siku gani wanapokea watoaji, na mwende kabla hamjaitwa.