Reli ya Rio Grande Southern, 1891–1951: Historia Fupi na Picha za Tarishi wa Denver

Rio Grande Southern ilikuwa reli ya kikanda, yaani reli inayohudumia miji na migodi ya eneo moja tu, na kwa miaka 60 ilifanya kazi kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado, Marekani. Njia yake ilikwisha kung'olewa, na mengi yanayojulikana kuhusu sura ya treni zake katika miongo ya mwisho yametokana na wapenzi wa treni waliozifuata milimani kwa kamera, ambao mashuhuri miongoni mwao alikuwa Otto Perry (1894–1970), tarishi wa posta wa mji wa Denver.

Mwanzilishi wa reli hiyo, Otto Mears, alikuwa mhamiaji aliyezaliwa katika Dola ya Urusi, naye alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa kujenga barabara za kulipia katika milima ya San Juan. Ili kuifikia migodi ya madini ya fedha ya Telluride na Rico, Mears aliizungusha reli yake kando ya milima hiyo kutoka Ridgway, upande wa kaskazini, hadi Durango, upande wa kusini, miji ambayo yote miwili ilikuwa imekwisha kufikiwa na kampuni kubwa ya Denver and Rio Grande. Ujenzi ulianza mwaka 1890 na kukamilika Desemba 1891, njia nzima ikiwa na urefu wa maili 162, sawa na kilomita 260 hivi. Nafasi baina ya vyuma viwili vya reli ilikuwa futi 3, yaani milimita 914, pungufu kidogo ya ile mita moja iliyozoeleka katika reli kongwe za Afrika Mashariki; wembamba huo uliwezesha kona kali na kupunguza gharama za kuchonga miamba, ingawa uliilazimu kampuni kutumia injini na mabehewa madogo. Huko Ophir, ambako bonde ni jembamba mno, reli ilijikunja na kurudi ilikotoka, ikipita juu ya madaraja marefu ya magogo, ili ipate kimo cha kuufikia mwanya wa Lizard Head, ambapo treni zilivuka milima zikiwa zaidi ya mita 3,100 juu ya usawa wa bahari.

Neema ya migodi hiyo ya fedha haikudumu, kwa kuwa mwaka 1893 bei ya madini ya fedha iliporomoka na serikali ya Marekani ikaifuta sheria iliyoilazimu kununua madini hayo kwa wingi kila mwezi. Migodi mingi ilifungwa, na kabla ya mwaka kwisha reli iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama, yaani mtu anayeteuliwa kuendesha mali za kampuni iliyoshindwa kulipa madeni yake. Mears aliipoteza reli, Denver and Rio Grande ikashika hatamu, na treni zikaendelea kubeba mawe ya madini, mbao, ng'ombe na kondoo pasipo kuleta faida iliyotarajiwa.

Ufukara huo ndio uliozaa chombo kilichoipa reli hii umaarufu. Kuanzia mwaka 1931 mafundi wa karakana ya Ridgway walichukua magari ya kifahari ya Buick na Pierce-Arrow, wakayafunga magurudumu ya chuma na kuyaunganisha na sanduku la mizigo, hivyo barua, vifurushi na abiria wachache wakasafirishwa bila gharama ya injini ya mvuke na wafanyakazi wake wote. Vyombo hivyo viliitwa Galloping Goose, yaani bata bukini aendaye shoti, kwa jinsi vilivyoyumba njiani.

Perry alivipiga picha vyombo hivyo pamoja na treni za mvuke, lakini thamani ya kazi yake haimo katika uzuri wa picha peke yake. Katika maelezo ya picha zake huonekana namba ya injini na aina yake kwa mpangilio wa magurudumu, upande treni ilikoelekea, idadi ya mabehewa, mahali, tarehe, na mara nyingi hata mwendo wa treni kwa saa. Kwa maelezo hayo mtafiti anaweza kujua injini ipi ilikuwa bado kazini mwaka fulani, na treni zilivyopungua mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1950 kampuni ilipoteza mkataba wa kubeba barua, na jaribio la kuwabeba watalii kwa Galloping Goose halikutosha kuiokoa. Ilifungwa mwaka 1951, na vyuma vyake vikang'olewa katika miaka miwili iliyofuata. Injini namba 20 na baadhi ya Galloping Goose vimehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Golden, ilhali picha za Perry, zipatazo 20,000 kwa reli zote alizozifuata, zimo katika maktaba ya umma ya Denver. Kwa kufuata mfano wa Perry, yeyote aliye na picha za zamani za reli na aandike nyuma yake namba ya injini, mahali na tarehe angali akikumbuka, kwa sababu picha isiyo na maelezo hayo haimfikishi mbali mtafiti.