Majina ya kobalti, kutoka rangi hadi hesabu

Nafundisha kemia Kolwezi, nchini Kongo. Somo ni kwa Kifaransa, lakini tukifika kwenye majina ya kompleksi, yaani metali pamoja na molekuli au ioni ilizozishika, narudi kwenye Kiswahili, naweka mawe mawili mezani. Jeusi ni heterojeniti, ambalo mchimbaji wa hapa hulitambua kwa macho tu. La pili ni kolweziti, lililopewa jina la mji wetu mwaka 1980. Yote yana kobalti, ila majina yake hayakwambii hivyo.

Wanakemia wa Ulaya nao walianza kwa macho. Mnamo 1852 Mfaransa Edmond Frémy alianza kuziita chumvi za kobalti na amonia kwa rangi zake, wengine wakamfuata: luteo ya manjano, purpureo ya zambarau, praseo ya kijani.

Miaka ya 1890, wakati Mbelgiji Jules Cornet alipokuwa akichunguza shaba ya Katanga, eneo letu hili, Alfred Werner wa Zürich alitafuta kilichojificha nyuma ya rangi hizo. Chumvi zote tatu zina kloridi 3. Ukidondosha nitrati ya fedha kwenye ile ya manjano, zote 3 zinatua chini kama unga mweupe. Kwenye ya zambarau zinatua 2, kwenye ya kijani 1 tu. Mwaka 1893, akiwa na miaka 26, Werner alieleza kwamba zinazobaki zimeshikwa na kobalti yenyewe, ambayo hapo hushika jumla ya sita, amonia na kloridi zikihesabiwa pamoja. Leo luteo inaitwa kloridi ya heksaaminikobalti(III): amonia sita, na kobalti iliyopoteza elektroni 3. Werner alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Hiyo (III) ndiyo ninayoisisitiza darasani. Kobalti ya heterojeniti nayo ni (III), na asidi ya salfuriki peke yake haiitoi vizuri kwenye jiwe. Ndiyo sababu viwandani huongezwa dioksidi ya salfa au metabisulfiti ya sodiamu. Kobalti inapokea elektroni moja, inakuwa (II), inayeyuka na kuzungukwa na molekuli sita za maji: heksaakuakobalti(II), yenye rangi ya waridi.

Kongo ndiyo inayotoa kobalti nyingi kuliko nchi zote. Kijana wa Kolwezi anastahili kuingia kiwandani akijua kueleza kinachotokea ndani ya tangi, asiishie kubeba magunia, na kusoma majina haya vizuri ni sehemu ya maandalizi hayo.