Pesa na njia zake Kisangani

Kabla mpelelezi Stanley hajaacha kituo kidogo kwenye maporomoko ya mto mwishoni mwa 1883, wenyeji wa eneo la Kisangani walikuwa tayari na pesa, ila si za kutia mfukoni. Waturumbu, Walokele na Watopoke walifua liganda, bapa la mkuki wa chuma linalokaribia kimo cha mtu, lililotolewa hasa katika mahari. Dola Huru ya Kongo ilitoa faranga zake mwaka 1887, lakini huku juu ya mto iliendelea kulipa kwa mitako, vijiti vya waya wa shaba ya njano. Mitako ilikuwa na kasoro yake: kila mtu iliyempitia alikata kipande kidogo, na urefu wake ukapungua mwaka hadi mwaka. Huo ndio mfumuko wa bei unaoweza kupimwa kwa rula.

Sarafu ya zaire ilipoanzishwa Juni 1967, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Haikudumu hivyo. Mwishoni mwa Desemba 1979 serikali ilifuta noti za zaire 5 na 10, ikafunga mipaka, ikawapa watu siku chache za kubadilisha, na mtu binafsi hakuruhusiwa kuzidi zaire 3,000. Aliyeweka akiba yake chini ya godoro, mbali na benki, aliamka na makaratasi. Janet MacGaffey, mtaalamu wa jamii aliyewachunguza wafanyabiashara wa Kisangani miaka hiyohiyo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1987, alionyesha jinsi kahawa na dhahabu zilivyovushwa mpaka bila hati na kurudi zikiwa bidhaa. Akiba iliyogeuzwa mali haikuweza kufutwa kwa amri.

Ununuzi wa almasi na dhahabu ulipofunguliwa kwa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1980, komptuari, yaani maduka ya kununua madini hayo, zilizopakwa picha za mawe yanayong'aa zilileta dola mjini. Zaire mpya ya Oktoba 1993, iliyobadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani, ilizidi kuwasukuma watu kwenye dola. Kisha ikaja vita. Waasi wa RCD waliuteka mji Agosti 1998, na njia ya mto kwenda Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, ikakatika. Januari 1999 Kinshasa ilipiga marufuku biashara ya fedha za kigeni, lakini amri hiyo haikuufikia mji uliokuwa mikononi mwa waasi. Almasi ni miongoni mwa sababu zilizowafanya Rwanda na Uganda kupigana ndani ya mji huo, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000.

Wakati huo miji ya Kongo ilitumiana pesa kwa foni, redio za masafa marefu. Mtumaji alimkabidhi wakala fedha taslimu. Wakala akatangaza kiasi hewani. Mwenzake wa upande wa pili akalipa na kukata kamisheni. Hakuna noti iliyosafiri. Mawakala wawili walisawazisha hesabu baadaye, mara nyingi kwa shehena ya bidhaa.

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilipoingia Kongo mwaka 2012 iliukuta utaratibu huo umezoeleka, ikaongeza akaunti ya faranga na ya dola kwenye simu moja. Mwaka huohuo ilianzishwa LocalBitcoins nchini Ufini, soko la mtu kwa mtu la bitcoin, sarafu ya kidijitali, lililofungwa mwaka 2023. Masoko mengine ya aina hiyo yapo hadi leo. Humo mnunuzi humlipa muuzaji kwa benki au simu, bitcoin ikishikiliwa amana na soko mpaka muuzaji athibitishe kupokea malipo. Wakala wa foni ameondoka, kazi yake imebaki, na kamisheni pia. Kilichoongezeka ni hatari ya bei: bitcoin inaweza kupanda au kuporomoka kabla ya chakula cha jioni, na malipo yaliyotumwa kwa anwani isiyo sahihi hayana ofisi ya kuyadai.

Bitcoin nyingine zimezaliwa Kongo kwenyewe. Mwaka 2020 Hifadhi ya Virunga, katika Kivu Kaskazini, ilianza kuendesha kompyuta za kuchimba bitcoin zilizopangwa ndani ya makontena huko Luviro, kwa umeme wa maji ambao vijiji vya jirani havikuwa na uwezo wa kuutumia wote.