Barafu ya Aktiki, maji ya Merti: hesabu ni ile ile

Leo tuache kidogo mambo ya seva na programu, tushuke chini ya ardhi.

Chini ya bahari ya Aktiki, pande za Siberia na Kanada, kuna ardhi iliyoganda tangu Enzi ya Barafu. Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, na sehemu hizo zilikuwa nchi kavu. Baridi ikazigandisha, kisha bahari ikazifunika. Utaijuaje ardhi hiyo bila kuiona? Njia mojawapo ni umeme: barafu huukinza sana, matope yenye maji ya chumvi huupitisha.

Yanatuhusu nini sisi wa Garissa? Yanatuhusu sana. Mbinu hiyo ndiyo hutumika kutafuta maji ya Merti, hifadhi ya chini ya ardhi inayopita Habaswein na Dadaab kuelekea Somalia. Katikati maji ni matamu, pembeni ni ya chumvi, na ya chumvi hupitisha umeme zaidi.

Mfaransa Conrad Schlumberger alianza majaribio yake mwaka 1912. Mpangilio uliopewa jina lake una vijiti vinne vya chuma: viwili vya nje hupeleka umeme, viwili vya ndani hupima volti. Ukitanua vya nje, umeme huzama zaidi. Zamani wataalamu walilinganisha kwa mkono mchoro wa vipimo na michoro iliyochapishwa tayari. Mwaka 1971 D. P. Ghosh alionyesha kwamba kichujio chenye namba chache tu kinatosha kufanya hesabu hiyo, na kompyuta ikaipokea kazi.

Lakini kuna tatizo ambalo programu haiwezi kulimaliza peke yake: matabaka tofauti huweza kutoa namba zile zile. Udongo wa mfinyanzi hufanana na mchanga wenye maji ya chumvi. Kisima ndicho huamua. Ndiyo maana ripoti ya Swarzenski na Mundorff kuhusu maji ya Kaskazini Mashariki, iliyochapishwa Marekani mwaka 1977, ina thamani: ina taarifa za visima. Kambi za Dadaab zilipoanza mwaka 1991, maelfu ya watu walitegemea maji hayo hayo.

Kwa hiyo kisima kikitoa chumvi, andikeni kina chake, udongo wake na mahali pake. Kisipoandikwa, mwingine atachimba hapo hapo.