Liz Mills na Morans: Msimu wa 2021 Uliorudisha Kenya AfroBasket Baada ya Miaka 28

Tunajua venye michezo hupangwa huko kwenu Sigowet, Kericho, Bomet na kwingine: mbio kwanza, voliboli inafuata, halafu boli. Mpira wa vikapu huja mwisho kabisa, na mara nyingi unaishia shule ya upili, kwa kiwanja cha simiti kisicho na paa.

Lakini kuna msimu mmoja wa vikapu ambao unafaa kuujua hata kama hujawahi kushika huo mpira. Ni ule wa 2021, wakati timu ya taifa ya wanaume, Kenya Morans, ilipewa kocha mpya kutoka Australia, ikaangusha Angola na kurudi AfroBasket baada ya miaka 28. Halafu ikatolewa kwa pointi mbili tu. Kama hukuwa umeanza kufuata vikapu wakati huo, tulia hapa, tutakupa yote.

Kwa haraka

- Timu: Kenya Morans, timu ya taifa ya wanaume
- Kocha mpya: Liz Mills, Australia
- Mechi iliyobamba: Kenya 74, Angola 73 (Yaoundé, Februari 2021)
- Mashindano: AfroBasket 2021, Kigali, timu 16
- Ushindi Kigali: Kenya 72, Mali 66
- Mwisho wa safari: Sudan Kusini 60, Kenya 58

Morans walikuwa wapi kabla yake?

Rudi nyuma kiasi. Mwaka wa 1993 AfroBasket ilichezwa hapa hapa Nairobi. Kenya ikamaliza nambari nne, na kombe likabebwa na Angola. Baada ya hapo, kimya. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, wakamaliza shule, na Kenya bado haijarudi kwa hayo mashindano.

Dalili ya kwanza kwamba mambo yanabadilika ilikuja Julai 2019 huko Bamako, Mali. Hiyo ilikuwa AfroCan, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za Afrika. Chini ya kocha Cliff Owuor, Morans walifika fainali. Walichapwa 82-61 na DR Congo, lakini walirudi nyumbani na medali ya fedha. Januari 2020 wakashinda mechi za awali za ukanda wetu zilizochezwa Nairobi, na wakapita mbele ya Sudan Kusini. Weka hilo jina kwa akili, tutalirudia.

Kwa hivyo usidanganywe na wale husema kila kitu kilianza na Mills. Alipoingia, msingi ulikuwa umeshawekwa na Owuor na hao vijana.

Kufuzu kulikuwa kunaenda aje?

Kenya iliwekwa kundi moja na Senegal, Angola na Msumbiji. Mechi zilichezwa kwa awamu mbili, na kwa sababu ya Korona timu zote zilifungiwa mji mmoja kila awamu. Tatu za juu zinaenda AfroBasket, moja inabaki nyumbani.

Kwa vikapu, hesabu za FIBA si kama za boli. Ukishinda unapata pointi mbili, ukipoteza unapata moja. Sare hakuna, dakika zikiisha mkiwa sawa mnaongezewa tano. Maana yake ni kwamba ushindi mmoja tu dhidi ya timu kubwa unaweza kukuokoa.

Awamu ya kwanza ilikuwa Kigali, Novemba 2020. Kenya ilipigwa na Senegal na Angola, ikashinda Msumbiji. Tiketi ilikuwa bado iko hewani.

Liz Mills ni nani?

Mwanzoni mwa 2021 Shirikisho la Mpira wa Vikapu Kenya likampa kazi Liz Mills. Hakuwa mgeni Afrika. Alikuwa ameshafundisha Zambia kwa miaka, na amewahi kuwa kwa benchi la ufundi la Cameroon na la Rwanda. Kwa hivyo aliijua Afrika: safari ndefu, pesa kidogo, wachezaji wanafika kambini siku chache kabla ya mechi.

Na hapo ndipo kazi ya kocha wa taifa ni ngumu kuliko ya klabu. Kocha wa klabu ako na wachezaji wake kila wiki. Wa taifa anakusanya mmoja kutoka Ulaya, mwingine kutoka Rwanda, wengine kutoka ligi ya Nairobi na Mombasa, kisha anapewa siku za kuhesabu awafanye wacheze kama watu wanaojuana. Mills alikuwa na wiki chache tu kabla ya awamu ya pili.

Yaoundé: usiku wa Angola

Februari 2021, Yaoundé, Cameroon. Angola ndio walikuwa wababe wa bara hili, mataji 11 ya Afrika kabatini. Hii ndio timu ilibeba kombe Nairobi mwaka ule wa 1993. Hakuna mtu nje ya kambi ya Kenya alikuwa anawapa Morans nafasi.

Mechi ikabana mpaka sekunde za mwisho. Angola wako mbele kidogo, mpira uko na Kenya. Kila mtu kwa ukumbi alijua utaenda kwa nani: Tylor Okari Ongwae, aliyekuwa akicheza Denmark na Bakken Bears. Ongwae akajitengenezea nafasi na mkono wa beki ukiwa usoni, akarusha. Ukaingia. 74-73. Saa imeisha.

Kama hujaona hiyo klipu, itafute. Benchi lote liliingia uwanjani, na Mills mwenyewe alikuwa katikati ya hiyo fujo. Ushindi huo ndio ulibeba tiketi. Kenya ikamaliza ya tatu nyuma ya Senegal na Angola, na miaka 28 ya kungoja ikaisha.

Kigali: AfroBasket yenyewe

Mashindano yalianza Agosti 24, 2021, kwa ukumbi uliokuwa unaitwa Kigali Arena, siku hizi BK Arena. Mills akaandika historia kwa kukaa tu kwa kile kiti: mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume kwa AfroBasket.

Mtandaoni mambo yakaenda kombo kidogo. Picha zake zikasambaa, na wasee wengi walikuwa wanaongea sura yake kuliko mbinu zake. Cheki basi venye timu ilicheza.

Kenya iliwekwa na Côte d'Ivoire, Nigeria na Mali. Hilo ni kundi la noma. Côte d'Ivoire walifika mpaka fainali, wakapoteza kwa Tunisia 78-75. Nigeria mwezi mmoja kabla ya hapo walikuwa wameichapa Marekani kwa mechi ya kirafiki. Morans walipoteza kwa hao wawili, lakini wakaichukua Mali 72-66. Ushindi huo uliwapa nafasi ya tatu na mechi moja ya kuamua nani anaingia robo fainali.

Kikosi kilikuwa na mchanganyiko mzuri. Ongwae alikuwa wa kufunga. Tom Wamukota, maarufu Bush, alikuwa jitu la kulinda ringi. Griffin Ligare aliongoza mpira, na Ariel Okall alipigania kila rebaundi.

Pointi mbili

Mpinzani? Sudan Kusini. Wale wale waliobaki nyuma ya Kenya Januari 2020 pale Nairobi. Walikuwa wameingia kwa mlango wa nyuma baada ya Algeria kujiondoa, na sasa walikuwa wamejipanga vibaya sana, na rais wa shirikisho lao ni Luol Deng, aliyecheza NBA miaka mingi.

Mechi ilikuwa ya kubanana, vikapu vichache, kila mpira unapiganiwa. Ikaisha 60-58. Sudan Kusini wakaenda robo fainali, Kenya wakapanga mabegi. Na ndio ujue ukanda wetu ulikuwa umeamka, Uganda nao waliitoa Nigeria kwa raundi hiyo hiyo.

Mtu atakuambia pointi mbili ni bahati. Sawa, ni mpira mmoja tu. Lakini angalia kilichofuata kwa kila upande.

Baada ya Kigali

Sudan Kusini walibaki na mpango ule ule na uongozi ule ule. Wakafuzu Kombe la Dunia la 2023, wakapata tiketi ya Olimpiki, na Julai 2024 wakaitoa jasho Marekani ya LeBron James mjini London, wakapoteza 101-100. Siku nane baadaye, kwa Olimpiki yenyewe, wakaipiga Puerto Rico 90-79 mjini Lille.

Kenya? Kabla ya mwaka kuisha, Mills hakuwa kocha tena na Cliff Owuor alirudishwa. Owuor si mtu wa kudharau, tumeshaona medali yake ya Bamako. Shida ni kuanza upya. Kocha mmoja akianza kuelewana na timu, mambo yanabadilishwa, kambi inakuja kuchelewa, na wachezaji wanazoea sauti nyingine.

Mills naye hakukaa bila kazi. 2022 aliongoza AS Salé ya Morocco kwa Ligi ya Mpira wa Vikapu Afrika, BAL, na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu kwa ligi hiyo. Yaani wengine waliona kile alifanya na Morans, wakakichukua.

Basi kocha mpya anaweza kufanya nini?

Anaweza kubadilisha mambo ya haraka: nani anacheza, mpira unaenda kwa nani mwishoni, ulinzi unasimama wapi, na kama vijana wanaingia wakiogopa au la. Hiyo ndio tuliona Yaoundé.

Kile hawezi kufanya kwa wiki chache ni kukupa wachezaji kumi na wawili wa kiwango sawa. Hao hutoka kwa ligi inayolipa, viwanja vya ndani, na kambi za mara kwa mara. Wewe wa Sigowet unaelewa hii kuliko msee wa Nairobi. Mchai ukipandwa leo, hakuna mtu anafika na kikapu kesho asubuhi. Unangoja karibu miaka mitatu, na ukiung'oa kila mwaka upande mwingine, hautawahi chuma.

Upande wa klabu, kuna mahali hii imeanza kueleweka. Nairobi City Thunder walipata wawekezaji, wakamleta kocha Mmarekani Brad Ibs, wakamwachia muda. Matokeo yake, 2025 walikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, tena pale pale Kigali. Na kwa jezi yao alikuwa nani? Tylor Okari Ongwae.

Na wewe unaingilia wapi?

Kama wewe ni mrefu na watu wa mtaa wanakuambia ukimbie tu kwa sababu unatoka Kericho, jua kuna njia nyingine. Michezo ya shule za sekondari iko na vikapu kutoka ngazi ya kaunti ndogo mpaka ya taifa, na makocha wa vyuo na klabu huenda huko kutafuta vipaji. Eldoret kuna Eldonets, klabu ya Bonde la Ufa iliyopambana na wakubwa wa Nairobi. Huhitaji kuanza na viatu vya bei.

Na kama wewe ni shabiki tu, wakati mwingine Morans wakipata kocha mpya na watu waanze kelele mtandaoni baada ya mechi mbili, uliza swali moja kabla ya kuchangia: amepewa siku ngapi na hao wachezaji?