Utambuzi wa usonji na ADHD kwa wanawake na wasichana

Utambuzi wa usonji na ADHD kwa wanawake na wasichana ni kazi ya kitaalamu ya kubaini hali hizo mbili za ukuaji wa ubongo kwa watu wa jinsia ya kike, ambao kwa miaka mingi wamepitwa na vipimo vilivyotungwa kwa kuwaangalia zaidi wavulana. ADHD ni kifupisho kinachotumika kwa hali ya upungufu wa umakini na mhangaiko uliozidi. Kwa kuwa dalili kwa wanawake mara nyingi hufichika, uchunguzi mzuri humfuata mtu mmojammoja: historia yake, mazingira yake na jitihada anazofanya ili aonekane kama wenzake.

Historia

Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto mjini Baltimore, Marekani, alipoeleza usonji mwaka 1943 aliandika habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna alieleza wavulana 4. Kabla yao, katika miaka ya 1920, daktari Grunya Sukhareva wa Moscow alikuwa ameandika kuhusu wavulana na pia kuhusu wasichana, lakini kazi yake haikujulikana sana nje ya Umoja wa Kisovyeti.

Mwaka 1981 Lorna Wing wa London alieleza kwamba wasichana huonekana kwa nje kuwa wachangamfu kuliko wavulana, lakini ukiwatazama kwa karibu wana shida zilezile za kuhusiana na watu. Hata hivyo vitabu viliendelea kufundisha kwamba kuna wavulana 4 wenye usonji kwa kila msichana 1. Mapitio ya tafiti 54 yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwiano wa kweli uko karibu na 3 kwa 1. Tofauti ilikuwa ndogo zaidi pale watafiti walipowatafuta wenyewe watoto wenye usonji katika jamii, badala ya kuhesabu waliokwisha kutambuliwa.

Kwa upande wa ADHD, mwongozo wa DSM wa madaktari wa akili wa Marekani ulikubali mwaka 1980 kwamba mtu anaweza kukosa umakini bila kuhangaika. Toleo la mwaka 2013 lilifanya mabadiliko mawili makubwa: liliruhusu mtu mmoja kupewa utambuzi wa usonji na ADHD kwa pamoja, na lilisogeza umri wa kuanza kwa dalili za ADHD kutoka miaka 7 hadi 12.

Sababu za kupitwa

Mvulana anayeruka juu ya madawati hupelekwa kwa daktari. Msichana anayetazama dirishani huku mawazo yako mbali husemwa tu kuwa mpole au mzembe. Wasichana wengi wenye usonji hujifunza kuiga: hunakili namna rafiki anavyocheka, huandaa maneno kabla ya kuzungumza, hujilazimisha kutazama watu machoni. Jioni hurudi nyumbani wamechoka kabisa, wengine hulia au kujifungia chumbani. Mambo wanayoyapenda mno pia hayashangazi watu, kwa mfano farasi, mwimbaji fulani au riwaya. Kisicho cha kawaida ni kiasi cha mapenzi hayo.

Uchunguzi

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotambua hali hizi. Mtaalamu huzungumza na mhusika kwa kirefu, na ikiwezekana na mama, shangazi au mtu mwingine aliyemfahamu utotoni. Ripoti za shule za zamani zina thamani kubwa, hasa maoni ya walimu. Haitoshi kuuliza kama ana marafiki. Huulizwa aliwapataje, urafiki ulidumu muda gani na ulimchosha kiasi gani. Dodoso la CAT-Q, lenye maswali 25, hupima kiwango cha kuficha dalili, ingawa peke yake haliwezi kuthibitisha usonji.

Mambo mengine hutengwa kwanza: upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, kukosa usingizi na athari za ukatili. Mila nazo huzingatiwa. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa anaonyesha adabu, hivyo kigezo cha kutazamana machoni hakiwezi kuchukuliwa kama kilivyo.

Athari za kuchelewa

Wanawake wengi hutambuliwa ukubwani, mara nyingine baada ya mtoto wao kutambuliwa kwanza. Kabla ya hapo huwa wametibiwa sonona, wasiwasi, matatizo ya kula au ya haiba. Magonjwa hayo yanaweza kuwepo kweli, lakini tiba husuasua chanzo kisipojulikana. Utafiti wa Stephen Hinshaw huko Berkeley, California, uliofuatilia wasichana 140 wenye ADHD tangu utotoni, ulionyesha mwaka 2012 kwamba wale waliokuwa na dalili za aina zote mbili walijiumiza na kujaribu kujiua mara nyingi zaidi kuliko wenzao wasio na hali hiyo.

Baada ya utambuzi, ADHD inaweza kutibiwa kwa dawa kama methilfenideti pamoja na ushauri. Usonji hauna dawa. Msaada hulenga mazingira, kwa mfano kupunguza kelele kazini, kutoa maelekezo kwa maandishi au kuruhusu mapumziko ya ziada wakati wa mitihani.